Weupe Si Uwazi: Namna ya Kuhamisha Nembo na Ramani baina ya Programu za Michoro

Watumishi wa Serikali, pamoja na wananchi wanaoandaa matangazo, vyeti, ramani na mabango kwa kompyuta, wanakumbushwa jambo ambalo, ingawa huonekana dogo, hupunguza hadhi ya hati za umma na pengine humpotosha msomaji. Nalo ni mraba mweupe unaojitokeza kuizunguka Nembo ya Taifa, muhuri au alama nyingine pale mchoro unapotolewa katika programu moja na kuingizwa katika programu nyingine.

Mfano ulio dhahiri unapatikana katika Ziwa Victoria. Tangazo linalohusu uvuvi au usafiri wa majini aghalabu huambatana na ramani ambayo maji yake yametiwa rangi ya buluu, na nembo huwekwa pembeni, juu ya maji hayo. Nembo ikiwa na mraba mweupe nyuma yake, mraba huo hufunika kila kilicho chini yake. Kisiwa kikubwa kama Ukerewe hakiwezi kupotea. Lakini kisiwa kidogo kama Saanane, kilichoko karibu na mji wa Mwanza na ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, huweza kutoweka chote pamoja na mpaka wake. Mvuvi anayeisoma ramani hiyo mwaloni hana njia ya kujua kwamba penye weupe palikuwa na kisiwa, wala kwamba eneo lile ni la hifadhi.

CHANZO CHA MRABA MWEUPE

Picha ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta nyingi ndogo. Kila nukta hubeba vipimo vitatu, yaani kiasi cha rangi nyekundu, cha kijani na cha buluu. Picha yenye sehemu zilizo wazi huongezewa kipimo cha nne kiitwacho alfa. Kwa kawaida kipimo hicho huanzia 0, ambapo nukta haionekani kabisa, hadi 255, ambapo nukta huziba kila kilicho nyuma yake. Fikra hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na wataalamu wawili wa Marekani, Alvy Ray Smith na Ed Catmull.

Tofauti ya uwazi na weupe ni kama tofauti ya wavu na turubai. Wavu ukitandazwa ufukweni, mchanga huonekana kupitia matundu yake. Turubai jeupe likitandazwa, mchanga hufichika, hata kama turubai hilo halikuandikwa kitu. Juu ya karatasi nyeupe viwili hivyo hufanana, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia: mwandaaji huridhika na anachokiona kwenye kioo, kumbe nembo yake imekwisha kuvishwa turubai.

Si kila aina ya faili ina nafasi ya kipimo cha nne. JPEG, ambayo hutumika sana kwa picha za kamera, haina nafasi hiyo. Mchoro ukihifadhiwa humo, programu hulazimika kujaza sehemu zilizo wazi kwa rangi, aghalabu nyeupe na mara nyingine nyeusi. GIF hukubali uwazi, lakini nukta yake ama iwe wazi kabisa ama izibe kabisa. Kwa hiyo kingo za duara huonekana kama meno ya msumeno. PNG, iliyobuniwa mwaka 1995 na kupitishwa rasmi na shirika la W3C mwaka 1996, hukihifadhi kipimo cha alfa kwa viwango vyake vyote, na kingo hubaki laini.

TAHADHARI JUU YA KUFUTA WEUPE

Baadhi ya waandaaji, wakishauona mraba mweupe, huiamuru programu ifute kila kilicho cheupe. Njia hiyo haifai. Nembo ya Taifa ina weupe wake wenyewe: chini ya ngao mna mistari ya mawimbi ya buluu na nyeupe iashiriayo maji ya nchi yetu, bahari na maziwa, na ubavuni mna pembe mbili za ndovu. Amri ya kufuta rangi nyeupe haibagui kati ya weupe wa karatasi na weupe wa mawimbi. Nembo iliyofutwa hivyo, ikiwekwa juu ya karatasi ya kijani, hutokea na mawimbi ya kijani; na hiyo si Nembo ya Taifa tena. Matumizi ya Nembo yanalindwa na sheria, na hapana mtumishi mwenye ruhusa ya kuibadili.

HATUA ZA KUFUATA

(a) Faili la asili litunzwe katika aina ya programu iliyolitengeneza, kama vile XCF kwa GIMP au SVG kwa Inkscape, na lisiguswe. Kazi ifanywe kwa nakala.

(b) Nakala ya kuhamishia itolewe katika PNG. Kabla ya kuitoa, ifichwe tabaka ya rangi iliyo nyuma ya mchoro. Katika programu nyingi, vijiraba vya kijivu na vyeupe kama ubao wa drafti ni dalili kwamba pale pako wazi. Amri ya kuziunganisha tabaka zote kuwa picha moja bapa isitumike, maana huondoa uwazi.

(c) Mchoro uingizwe kwa amri ya kuingiza picha kutoka kwenye faili. Kunakili katika programu moja na kubandika katika nyingine mara nyingi hupoteza kipimo cha alfa njiani.

(d) Anayetuma faili kwa WhatsApp alitume kama hati. Likitumwa kama picha hubanwa, na uwazi hupotea.

(e) Kwa mabango makubwa itumike SVG au PDF yenye mistari halisi, kwa kuwa haichakai inapokuzwa.

(f) Kabla ya kuchapa, mchoro uwekwe juu ya rangi nzito na kutazamwa. Mraba au ukungu mweupe kingoni ukionekana, kazi irudiwe kutoka kwenye faili la asili.

Hatua ya mwisho isidharauliwe. Mwandaaji akiwa Nansio na mchapaji akiwa Mwanza, kati yao kuna ziwa. Kosa lililogunduliwa baada ya kuchapa hugharimu karatasi, wino na safari.

Mwisho, muhuri na saini zilizokwisha kuondolewa weupe zitunzwe kwa siri kuliko michoro mingine yote. Mhuri ulio wazi nyuma yake hukaa juu ya maandishi yoyote kana kwamba umegongwa hapo kwa mkono. Aliye na faili lake anaweza kuupachika juu ya barua ambayo ofisi haikuiandika. Faili kama hilo lisitumwe kwa mchapaji wala kuachwa katika kompyuta ya watu wengi. Hati igongwe muhuri baada ya kuchapwa, na mwenye dhamana ya muhuri huo.