Vipepeo Waliosaidia Kulipa Karo

Akina mama wenzetu, mama asiye na unga nyumbani akiambiwa asikate mti wala asichome makaa, atawalisha watoto nini? Swali hili tusilipuuze. Wengi wetu tunapikia kuni au makaa, na tunaona jinsi misitu inavyopungua.

Katika pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi, uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Humo wamo ndege na wanyama walio adimu sana duniani. Lakini kwa majirani zake msitu huo ulikuwa mzigo. Tembo na nyani walitoka humo na kuharibu mazao, na mashamba yenyewe yalikuwa madogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi walitaka ukatwe ili wapate mahali pa kulima. Tukiwa mahali pao, tungesema vingine?

Mwaka 1993 ulianzishwa Mradi wa Kipepeo huko Gede. Wakulima hunasa vipepeo wachache na kuwaweka katika vizimba vya wavu, pamoja na mimea wanayotagia mayai. Mayai yakianguliwa, viwavi hulishwa majani mpaka kila mmoja ajifunge ndani ya ganda lake na kuwa pupa. Mradi ulikuwa ukiwanunua pupa hao na kuwapeleka haraka Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio ili kutazama vipepeo. Kazi hii hufanyika karibu na nyumba, na mama anaweza kuifanya huku akiwaangalia watoto. Fedha zake zilisaidia karo na mahitaji ya nyumbani. Na kila mfugaji anajua kwamba msitu ukiisha, vipepeo nao wataisha.

Hata hivyo, tusidanganyane. Vipepeo hawawezi kushibisha kila nyumba. Mwaka 2020, korona iliposimamisha ndege, tulikumbushwa kwamba soko la mbali halifai kutegemewa peke yake. Ni vizuri kuwa na shughuli nyingine pia, kama kufuga nyuki.

Basi, katika vikundi vyetu, kabla ya kumkataza jirani kukata mti, tumwulize kwanza anaishi kwa nini. Kisha tutafute pamoja kile ambacho mti uliosimama unaweza kumpa.