Saruji sakafuni: chupa rahisi, hasara kubwa

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, tindikali ya kuondolea saruji huuzwa bei ndogo mno ukilinganisha na boksi moja la marumaru. Ni nadra muuzaji kumuuliza mteja anakwenda kuimwaga juu ya nini. Hasara nyingi huanzia hapo.

Tatizo la kwanza ni jina. Siku hizi kila kigae cha sakafuni huitwa marumaru: cha udongo uliochomwa kutoka viwanda vya Mkuranga na Chalinze, poseleni ya China, hata jiwe la marumaru lenyewe. Kwa tindikali hivi si kitu kimoja. Jiwe hilo ni jamaa ya chokaa, na tindikali inayoila saruji hulila nalo. Mng'ao ukiondoka, hurudishwa kwa mashine ya kusugulia tu. Terazo za nyumba za zamani nazo zimo hatarini, maana ni vipande vya mawe hayo vilivyoshikwa kwa saruji. Vigae vya tanuri huvumilia, lakini grauti iliyo katikati yake haivumilii.

Saruji haikauki kama tope. Hushikana na maji na kuzidi kuwa ngumu. Mainjinia huipima nguvu siku ya 28. Doa la leo asubuhi linaondoka kwa sponji na maji. La mwezi uliopita ni kibarua kingine kabisa, na kina bei yake.

Donge lililoganda lianze kubanduliwa kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mti, kikilazwa. Sufuria zisuguliwe kwa steli wulu, sakafu hapana: vipande vyake hubaki kwenye grauti na kutia kutu.

Utando unaobaki ndio wa tindikali, na ijaribiwe kwanza kwenye kigae cha akiba. Lowesha grauti kwa maji ili isiinywe. Mimina tindikali ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya tindikali; kipimo 1 kwa maji 10 kinatosha kuanzia. Baada ya dakika chache sugua, suuza, kisha pitisha maji ya magadi. Glovu, miwani na madirisha wazi ni lazima. Ikichanganywa na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya sumu. Wapo pia wanaotumia maji ya betri: hayo huunguza vibaya, na yakikutana na saruji huacha jasi nyeupe isiyoyeyuka kirahisi.

Mwenye jengo la biashara atazame zaidi mapatano na fundi. Bei ya kutandika hukubaliwa kwa mita ya mraba, na usafi wa mwisho mara nyingi haumo. Uandikwe. Sehemu ya malipo ibaki mpaka sakafu ikaguliwe ikiwa kavu, kwani ikiwa mbichi utando wa saruji hauonekani; fundi mjanja hukuita akiwa ndio kwanza amepiga deki.

Boksi moja la akiba liwekwe pia, la toleo lile lile. Rangi hutofautiana kutoka toleo hadi toleo, na namba yake imepigwa chapa ubavuni mwa boksi.