Amiba si moja: kuko ile Flagyl haiwezi

Mtu akisikia tumbo inamukata, kwetu jibu iko tayari: «Niko na amiba.» Anapita ku farmasi, ananunua Flagyl, anarudi nyumbani. Hatumucheki. Amiba ya tumbo ni ugonjwa wa kweli, na metronidazoli, njo jina la dawa yenyewe, inaiua, ijapokuwa inafaa kupima choo kwanza. Lakini kuko amiba zingine zenye hazina habari na tumbo.

Moja inaitwa akantameba. Inaishi katika maji, udongo na vumbi. Sisi wote tunakutana nayo bila kuugua, kwani askari wa mwili wanaifukuza. Inashinda pale askari wamepungua: kwa mgonjwa wa SIDA asiyekunywa dawa, kwa mtu aliyepandikizwa figo, kwa mwenye kutibiwa kansa ao kumeza kortizoni siku nyingi. Inaingia kwa kidonda ao kwa pua na mapafu, inafuata damu mpaka ku ubongo. Mgonjwa anaumwa kichwa, anachanganyikiwa, upande mmoja wa mwili unalegea, anaanguka kifafa. Ikifika pale, wagonjwa zaidi ya 9 katika 10 wanakufa.

Sababu gani Flagyl haisaidii? Amiba ya tumbo inaishi mahali hakuna oksijeni, na metronidazoli inageuka sumu pale tu oksijeni inakosekana. Akantameba inatumia oksijeni kama sisi. Dawa inapita, yenyewe inabaki.

Basi banganga wanafanya nini? Hakuna dawa hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa huu. Wanaazima, na majina mengi ya dawa hizo si mageni hapa Congo. Pentamidini ilitumika miaka mingi kwa ugonjwa wa usingizi. Sulfadiazini inatibu toksoplasmozi. Flukonazoli na flusitozini ni za meninjiti ya kriptokoki. Miltefosini ilianza kama dawa ya kansa, na katika mwaka 2002 India iliikubali kwa kutibu kala-azari. Katika mwaka 2013, CDC ya Marekani ilianza kuwapa banganga wa kule miltefosini kwa ajili ya amiba za namna hii.

Zinatolewa nyingi pamoja, kwani moja peke yake haitoshi. Pentamidini, kwa mfano, haiingii vizuri ku ubongo. Ni kwa sababu hiyo ilikuwa ya hatua ya kwanza tu ya ugonjwa wa usingizi. Tena amiba hii ni janja: ikisikia hatari, inajifunika ngozi mbili ngumu na kulala. Dawa zinaua zile ziko macho, zenye kulala zinangojea. Kwa hiyo matunzo yanaendelea majuma, hata miezi. Na dawa hizi zinaweza kuumiza figo, kushusha sukari na kupunguza damu. Si za kumezea nyumbani. Zinaomba lupitalo na vipimo vya damu kila mara.

Taabu kubwa ni kuichelewa. Ku ubongo inafanana na toksoplasmozi ao kifua kikuu. Mgonjwa akitibiwa toksoplasmozi majuma mawili bila nafuu, munganga anapaswa kufikiri mambo mengine. Lakini mara nyingine ngozi inasema mbele: uvimbe mdogo unapasuka, unakuwa kidonda chenye hakiponi. Kipande kidogo cha ngozi hiyo, kikiangaliwa ku mikroskopi, kinaweza kuonyesha amiba kabla haijapanda ku kichwa. Ni wakati huo tumaini iko.

Ndugu wasomaji, kwa mwenye kuishi na virusi vya SIDA, kinga ya kwanza iko katika vidonge vyake vya kila siku, vyenye vinarudisha askari ku kazi. Asiviache. Aliyepandikizwa figo naye asipunguze dawa zake bila kuongea na munganga. Na wote wawili, kidonda kikikataa kupona, wasikipake mafuta tu: wakionyeshe.