Kufua Katika Chumba Kimoja: Twahara na Nafasi Mtaani Pipeline

Nyumba ya Kiswahili ya pwani ina ua. Uani ndipo mama afuapo na ndipo aanikapo, akisitirika na macho ya wapita njia, na jua la Mombasa au Lamu humkaushia doti ya kanga kwa muda mfupi. Familia ihamiapo Pipeline, huko Embakasi jijini Nairobi, hukosa kwanza ua huo. Ghorofa zimebanana, vyumba vingi havizidi futi 10 kwa 10, bomba na choo hutumiwa na wapangaji wa orofa nzima, na kamba za kuanikia ziko juu ya paa au roshanini. Maji yakikatika, hununuliwa kwa mtungi wa lita 20.

Hata hivyo, twahara ya nguo ni sharti la swala, nayo haingoji nyumba kubwa. Basi mama wa Pipeline ana maswali mawili: nguo zitwaharike vipi kwa maji machache, na zikae wapi hadi zikauke?

Tuanze na twahara. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi pwani yetu, maji yasiyofika kulateni, kiasi kinachokadiriwa kuwa karibu lita 200, hunajisika pindi najisi iingiapo, hata kama rangi haikubadilika. Hiyo ni mitungi 10. Beseni la chumbani halifiki robo yake. Anayeroweka nepi ya mtoto pamoja na kanzu na buibui huzitia najisi zote. Njia sahihi ndiyo pia iliyo nyepesi: ondoa kwanza najisi yenyewe, kisha mimina maji safi juu ya mahali pake, yatiririke na kuondoka, hadi athari yake itoke. Ndipo nguo iingie beseni pamoja na wenzake. Mkojo wa mtoto mchanga wa kiume aliye chini ya miaka miwili, asiyelishwa ila maziwa, hutosha kunyunyiziwa maji yakapaenea mahali pale. Wa binti huoshwa.

Ama nafasi, hiyo hupatikana kwa ratiba kuliko kwa futi. Haba na haba hujaza kibaba, na nguo chafu nazo zina kibaba chao. Zikingoja Jumamosi, siku ambayo kila jirani anafua, kamba ya paani haitoshi. Sare za shule na nguo za ndani zifuliwe kila jioni, chache chache. Shuka na blanketi zipangiwe siku ya katikati ya wiki. Anza na nyeupe, fuatisha za rangi, malizia za kazi kwa povu lile lile. Maji yatakayobaki yasafishe ujia na choo.

Chumbani, tumia kuta. Mfuko wa nguo chafu utundikwe nyuma ya mlango, mabeseni yapachikwe moja ndani ya jingine, na sabuni na dawa za madoa ziwekwe juu, mbali na watoto. Beseni lisiachwe na maji. Mtoto mdogo huweza kufa maji hata katika maji machache.

Nairobi iko katika nyanda za juu, na Juni hadi Agosti huwa na baridi na mawingu. Nguo ikianikwa ndani, maji yake yote huingia katika hewa ya chumba. Kuta huota kuvu, na kifua cha mtoto huumia. Kamua mara mbili, isubiri iache kutona, kisha itundike karibu na dirisha lililo wazi. Usikaushe kwa jiko la makaa katika chumba kilichofungwa: moshi wake usioonekana huua.

Mwisho ni haki ya jirani. Usianike nguo inayotona juu ya kamba ya aliye orofa ya chini, na anua mapema ili mwenzako apate nafasi. Nguo za ndani zifunikwe kwa kanga nyepesi juu ya kamba, zipate hewa na sitara. Wanawake wa orofa moja wakigawana siku za paa, kila mmoja atapata sehemu ya ua alioukosa.

Mwenyezi Mungu atutwaharishie nguo zetu na nyoyo zetu. Amin.