Je, Wajua? Kitufe cha Kibodi ni Ndugu wa Shati

Mtu wa Kitengela anayetaka kubadili rangi ya vitufe vya kibodi yake huanza kwa kuulizia rangi, ilhali angeanza na plastiki. Vitufe vingi hutengenezwa kwa ABS, ile ya vipande vya kuchezea vya Lego, au kwa PBT, ambayo kikemia ni poliesta, jamaa wa karibu wa uzi wa mashati mengi ya mitumba. Macho huzichanganya, lakini chumvi huzitenganisha vizuri sana. Koroga chumvi katika maji mpaka ikatae kuyeyuka, utumbukize kitufe na kukitikisa kitoe hewa: cha ABS kitaelea, cha PBT, chenye takriban gramu 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kitazama.

Kilichozama ndicho cha kuchemshwa na rangi ya poliesta. Joto likipita nyuzijoto 50 hivi, minyororo ya molekuli za PBT hulegea, chembe za rangi zikapenya katikati yake. Kikipoa, minyororo hutulia na rangi hubaki imefungiwa humo. Rangi ya kupuliza huchubuliwa na vidole kwa sababu ni ngozi ya juu tu, na hapa hakuna ngozi ya kuchubua. PBT yenyewe huyeyuka karibu na nyuzijoto 220, kwa hiyo sufuria haiitishi. ABS hulainika kwenye 105 hivi, na maji yanayotokota huisogeza karibu mno na kupinda.

Kuna atakayesema maji ya huku hayana joto la kutosha. Viwanda hutia poliesta rangi kwenye nyuzijoto 130, ndani ya mitungi ya shinikizo, na Kitengela, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 95. (Katika kaunti hiyohiyo ya Kajiado, kando ya Ziwa Magadi huchemka kwenye 98, na kileleni mwa Ngong kwenye 92.) Pingamizi hilo lina nguvu kwa shati, ambalo poliesta yake huanza kulegea kwenye 70 au 80. PBT hulegea mapema kuliko hiyo, hivyo 95 inatosha. Kinachoongezwa ni dakika. Sufuria hiyo isirudi tena kupikia chakula.

Gumu zaidi kung'oa ni zoea la magadi. Wanaotia pamba rangi huyategemea, na Kajiado ndiko yanakochimbwa, kwa kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911. Katika pamba, magadi huiwezesha rangi kushikamana na selulosi. Poliesta haina selulosi, na rangi zake hutulia katika maji yenye uchachu kidogo. Magadi huweza kuziharibu. Kinachofaa ni siki kidogo, na kitufe cheupe, kwa kuwa rangi hii huongeza weusi na haiupunguzi. Herufi nyeusi zitaendelea kusomeka juu ya nyekundu au ya samawati isiyokolea.