Wachimbaji walioitetea bustani

Ndugu wachimbaji, mama na watoto wa kwenye makambi, leo tunawaletea habari ya bustani. Musiseme bustani ni mambo ya matajiri tu. Someni mpaka mwisho.

Kule Uingereza, karibu na mji wa Rotherham, kuko nyumba kubwa sana, jina Wentworth Woodhouse. Upande wake wa mbele unapita metre 180. Miaka ya 1790, fundi Humphry Repton njo alipanga upya ardhi yake: vilima, maji, miti, majani. Pembeni waliishi wachimbaji wa makaa ya mawe.

Mwaka 1946, vita ilikuwa imekwisha na Leta ilitaka makaa mingi. Waziri Emanuel Shinwell, mutu wa chama cha wafanyakazi, akaamuru kupasua udongo toka juu, mpaka karibu na mulango wa nyumba. Nani alikataa? Mwenye nyumba, ndiyo. Lakini na sendika ya wachimbaji wa Yorkshire pia. Rais wao, Joe Hall, alitisha Leta kwamba watafanya greve. Watu waliokula kwa makaa walisema: hapa, hapana!

Hawakusikilizwa. Mashini ziliingia, miti ikakatwa, udongo na mawe vikarundikwa karibu na madirisha.

Kuharibu kulikuwa kwa haraka. Kurudisha, zaidi ya miaka 70 imepita na kazi ingali inaendelea. Mwaka 2017, shirika moja la kutunza mali ya zamani lilinunua nyumba ile kwa pauni milioni 7. Sasa watu wa pale wanajitolea: wanafyeka vichaka, wanafungua njia, wanapanda. Nyumba ya vioo ya maua ya kamelia, iliyokuwa imebomoka, imesimama tena, na watu wanakunywa chai ndani. Ile miti ya kamelia ya zamani haikukufa.

Na kwetu huku Katanga? Sheria ya mine, iliyobadilishwa mwaka 2018, inalazimisha kampuni kuweka dhamana ya pesa kwa kutengeneza udongo kisha kazi. Basi, ndugu delege, kwenye mukutano na wakubwa usiulize mushahara tu. Uliza tena: ile pesa iko wapi? Mupango uko wapi? Miti gani itapandwa, na lini? Uliza leo, mashini zingali zinafanya kazi, maana kampuni ikisha kuenda utamuuliza nani?

Mukuba utaisha siku moja. Watoto wetu watabaki palepale.