Besi la Nyuzi Sita na Usalama wa Mkono

Katikati ya miaka ya 1970, mwanamuziki Anthony Jackson wa Marekani alitengenezewa gita la besi lenye nyuzi 6 badala ya 4 zilizozoeleka. Sauti ziliongezeka, na shingo ya gita ikapanuka. Mpigaji anayehamia gita hilo, akiufuata uzi mnene kuliko yote, hukunja mno kifundo cha mkono. Humo kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu hupita katika njia finyu. Mkunjo ukizidi, mshipa hubanwa.

Inafaa mkanda ufupishwe ili gita likae juu, kidole gumba kiegemee nyuma ya shingo yake, na mazoezi yawe mafupi, yakiongezwa kidogo kidogo.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, si ada ya kujifunza. Mpigaji afike kituo cha afya mapema, na mhudumu amwulize kazi yake, kisha amtazame anavyoshika gita. Mshipa ukibanwa kwa muda mrefu, misuli ya gumba husinyaa, na riziki ya mwanamuziki huwa hatarini.